Kumpima Meneja wa Masoko: Jibu kwa Mkurugenzi wa Kiwanda cha Nakuru

Swali: Familia yetu ina kiwanda cha chakula cha mifugo hapa Nakuru, na zaidi ya nusu ya tunachouza ni chakula cha kuku wa mayai. Soko letu la Njoro, Bahati na Molo ni imara, lakini tangu tuanze kupeleka bidhaa Kisumu, Kakamega na Bungoma, mambo yamekwama. Tumeamua kuajiri meneja wa masoko kwa mara ya kwanza. Katika walioomba tumebaki na watatu: mama mmoja aliyesimamia matangazo katika kampuni kubwa ya Nairobi, meneja wetu wa mauzo ambaye amekuwa nasi tangu tukiwa na lori moja, na kijana mwenye shahada aliyeendesha kurasa za mitandao ya kijamii za kampuni kadhaa. Tumewahoji mara moja. Wote walizungumza vizuri sana, na sasa kila mkurugenzi ana mtu wake. Mwenyekiti, ambaye ndiye mzee wetu, anamtaka yule wa Nairobi. Tuwapime vipi bila kubahatisha, na bila kuvunjiana heshima nyumbani?

Jibu: Bi. Mkurugenzi, sentensi moja katika barua yako inaeleza kwa nini mmekwama, nayo ni ile inayosema kwamba wote walizungumza vizuri sana. Mtu ambaye riziki yake ni kushawishi watu, akiketishwa mbele ya jopo kwa saa moja bila takwimu na bila kazi ya kufanya, atazungumza vizuri. Asingeweza hilo, asingefika kwenye orodha yenu ya watatu. Mahojiano ya namna hiyo yamepima kipaji kimoja ambacho wote wanacho, ndiyo maana hayakuwatenganisha. Na kipaji hicho ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Meneja wa masoko hutumia muda wake mwingi kusikiliza wanunuzi, kusoma takwimu zisizopendeza, kuamua mahali ambapo pesa za kampuni hazitakwenda, na kumweleza mkurugenzi jambo ambalo asingependa kuambiwa. Kwa hiyo shauri langu, ambalo nitalifafanua hatua kwa hatua, ni kwamba mumpime mwombaji kwa maamuzi: yale aliyokwisha kuyafanya kwingine, na yale mtakayomwona akiyafanya mbele yenu, huku kila mwanajopo akiandika alama zake kabla ya mwenzake kufungua kinywa.

Kabla ya kuwaita tena, keti na wakurugenzi wenzako muandike ukurasa mmoja unaoeleza kazi hii ni ipi. Nalisisitiza hili kwa sababu nahofia kwamba kila mmoja wenu anapima kazi tofauti. Anayemtaka mama wa Nairobi huenda anawazia jina la kampuni likitajwa redioni. Anayemtaka meneja wa mauzo anawazia magunia yakitoka ghalani. Anayemtaka kijana anawazia wateja wapya wakipiga simu. Hamtakubaliana juu ya mtu ikiwa hamjakubaliana juu ya kazi. Meneja wa mauzo huulizwa mwezi huu magunia mangapi yametoka na nani hajalipa. Meneja wa masoko huulizwa maswali yanayotangulia hayo: tumfuate mfugaji yupi, kwa bidhaa ipi, kwa bei gani, kupitia kwa nani, na kwa sababu gani amwache anayemuuzia sasa. Katika ukurasa huo andikeni matokeo matatu au manne mnayotaka kuyaona baada ya mwaka mmoja na nusu, mkitaja pia kiasi cha pesa mtakachomkabidhi. Mkishindwa kutaja bajeti, basi kwa kweli mnatafuta meneja wa pili wa mauzo, na ni heri mjue mapema.

Nitatoa mfano kutoka biashara yenu wenyewe, maana hapa ndipo tofauti kati ya mwombaji na mwombaji itakapoonekana. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 hadi 130 kwa siku, hivyo mfugaji mwenye kuku 100 humaliza gunia la kilo 70 kwa siku tano au sita. Kwa kuwa ananunua mara kwa mara, mtu angedhani kwamba kila ununuzi ni nafasi ya kumvuta aje kwenu. Lakini kuku anayetaga akibadilishiwa chakula ghafla anaweza kupunguza mayai, na mfugaji aliyewahi kuona trei zikipungua kwa sababu hiyo hatakubali kujaribu tena kwa ajili ya tangazo zuri au punguzo la shilingi mia. Uamuzi wake mkubwa aliufanya zamani, siku aliponunua vifaranga na kuuliza awaanzishie chakula gani. Aliyemjibu swali hilo, mara nyingi, ni mwenye agroveti, yaani duka la pembejeo na dawa za mifugo, au yule aliyemuuzia vifaranga. Tangu kifaranga kuanguliwa hadi yai la kwanza ni wiki 18 hadi 20 hivi. Ukiyaweka haya pamoja utaona kwamba shilingi inayotumika kumfikia mfugaji wakati wa vifaranga inaweza kuwa na nguvu kuliko shilingi kadhaa zinazotumika kumbembeleza akiwa tayari anaokota mayai. Sitarajii mwombaji ayajue haya yote leo, hasa akiwa ametoka kwenye biashara nyingine. Natarajia aulize maswali yatakayomfikisha hapo, na akishafika awe tayari kubadilisha mpango wake.

Ndiyo sababu naweka mbele jaribio la kazi. Chukueni tatizo lenu la magharibi na mlifanye kuwa mtihani. Wapeni wote watatu bahasha ileile: mauzo ya kila mwezi ya mwaka uliopita kwa kila mji, bei yenu na bei za washindani wawili, gharama ya kulifikisha gunia moja Kisumu, Kakamega na Bungoma, madeni ya agroveti bila kutaja majina, maneno ya wateja waliolalamika kama walivyoyasema, na bajeti mliyokubaliana. Wakae chumbani kwa saa mbili, kila mmoja peke yake, waandike kurasa zisizozidi mbili zinazojibu mambo matatu: tufanye nini katika miezi 12 ijayo, tuache kufanya nini, na ni habari gani ambayo haimo katika bahasha lakini ungeitafuta kwanza. Kisha kila mmoja aje mbele ya jopo kwa dakika arobaini kutetea alichoandika.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu takwimu za viwanda vingi zina mtego ndani yake bila mtu kuutega. Magunia yaliyotoka kwenye lango lenu si magunia yaliyonunuliwa na wafugaji. Bei ya mahindi au soya inapopanda na fununu zikaenea kwamba chakula kitapanda, wenye agroveti hujaza maghala kwa bei ya zamani. Jedwali lenu huonyesha mwezi mzuri ajabu, ukifuatwa na miezi miwili ya ukame. Mwombaji mwenye haraka ataupongeza mwezi ule na kupendekeza mrudie chochote mlichofanya wakati huo. Mwombaji mwangalifu atauliza agroveti walibaki na magunia mangapi mwisho wa mwezi. Angalieni pia kama yupo atakayekaa na kalamu akatoa gharama ya usafiri na gharama ya deni la miezi mitatu kwenye bei ya gunia linalouzwa Bungoma, akaona kinachobaki ni nini. Akithubutu kuwashauri muachane na Bungoma kwa sasa ili nguvu ziende Kakamega au Kisumu, na hesabu yake ikasimama, mpeni alama za juu hata kama pendekezo lenyewe linawauma.

Kuna jambo dogo la redio ambalo litawasaidia kumtambua anayelijua eneo. Karibu kila mwombaji atapendekeza tangazo la redio. Muulizeni redio ipi, saa ngapi, na kwa nani. Ramogi FM hutangaza kwa Dholuo na Mulembe FM kwa Kiluhya, kwa hiyo pesa iliyowekwa kwenye kituo kimoja haiwafikii wasikilizaji wa kingine, na anayesema tu kwamba "tutaweka tangazo redioni magharibi" hajaanza kufikiri. Akiongeza kwamba Kiluhya chenyewe kina lahaja nyingi, na kwamba mfugaji wa Bungoma na yule wa Vihiga hawasemi sawasawa, hapo mnaye mtu aliyewahi kuwasikiliza watu anaotaka kuwauzia.

Tendeni haki katika jaribio hili. Mlipeni kila mwombaji nauli na posho ya siku hiyo, na mumwandikie kwamba kazi yake haitatumiwa na kampuni asipoajiriwa. Wapo waajiri wanaowaomba waombaji kumi waandae mpango mzima wa mwaka nyumbani kwao, kisha hawaajiri yeyote na mipango ile ikatokea sokoni. Huo ni wizi, na katika miji yetu ambako kila mtu katika fani anajuana na mwenzake, habari zake hufika mbali kuliko tangazo lolote la kazi. Sababu nyingine ya kufanya jaribio ofisini ni kwamba mtajua kazi ni ya nani. Mpango ulioandaliwa nyumbani unaweza kuwa umeandikwa na rafiki, au na programu ya kompyuta, na utapendeza vilevile.

Jaribio peke yake halitoshi. Liunganisheni na mahojiano yenye mpango. Frank Schmidt na John Hunter walichapisha mwaka 1998 majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizirejea hesabu za namna hiyo kwa uangalifu zaidi. Katika marejeo hayo ya 2022, mahojiano ambayo kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa kigezo kilekile yalikuwa na uhusiano wa wastani wa 0.42 na ufanisi wa mtu kazini (0 ikiwa hakuna uhusiano wowote, 1 ikiwa ni uhusiano kamili), ilhali mahojiano ya kuongea tu yalipata 0.19. Hata jaribio la kazi, ambalo mwaka 1998 lilikuwa juu kabisa, lilishuka katika hesabu mpya. Nayataja haya kwa sababu mbili. Kwanza, tofauti ya kuongea tu na kuuliza kwa mpango ni kubwa, na gharama ya kuuliza kwa mpango ni mchana mmoja wa maandalizi. Pili, 0.42 bado iko mbali na 1, maana yake hakuna kipimo kitakachowapa uhakika, na ndiyo maana nashauri mtumie vipimo viwili vitatu na baadaye mtumie vizuri muda wa majaribio.

Maswali matano yanatosha kabisa. Yahusu mambo yaliyokwisha kutokea, kwa sababu swali la "ungefanya nini" humpa mwombaji uhuru wa kuwa mtu mwingine. Mwambieni aeleze wakati aliposhauri kampuni iache kutumia pesa kwenye jambo ambalo wakubwa wake walilipenda. Aeleze bidhaa au kampeni iliyoshindwa mikononi mwake, aligundua lini, na alimwambia nani kwanza. Aeleze safari ya hivi karibuni ya kumtembelea mnunuzi, alichosikia huko, na kilichobadilika ofisini kwa sababu hiyo. Aeleze alivyowahi kupandisha bei. Aeleze mgongano wake na watu wa mauzo na jinsi ulivyoisha. Katika kampuni yenye watu wa mauzo na watu wa masoko mgongano hautakosa, na anayedai hajawahi kuupata huenda hakuwa na madaraka. Kwa kila swali, andikeni kabla ya siku yenyewe jibu dhaifu linafananaje, la wastani linafananaje, na bora linafananaje. Kazi hii inachosha, lakini bila maandishi hayo mwanajopo mmoja atatoa nne kwa jibu lilelile ambalo mwenzake ametolea mbili, na mtajumlisha alama zisizo na maana.

Mtakutana bila shaka na takwimu za kujivunia. Mwombaji atasema aliongeza mauzo kwa asilimia 40. Msimkatalie wala msimpigie makofi, mfuateni polepole. Kutoka shilingi ngapi hadi ngapi? Katika muda gani? Bei ilipanda kiasi gani katika muda huohuo, maana bei ikipanda asilimia 15 mauzo ya shilingi hupanda hata gunia moja zaidi lisipouzwa? Ilitumika pesa ngapi kulipata ongezeko hilo? Mshindani gani alifunga au kuishiwa bidhaa wakati huo? Na yeye binafsi aliamua nini, watu wengine waliamua nini? Aliyeifanya kazi kweli hufurahia maswali haya na mara nyingi huwasahihisha katika jambo fulani. Asiyekuwapo huanza kusema "tuliangalia mikakati mbalimbali", na kila mkimwuliza jina la mji au mwezi, anarudi kwenye mikakati.

Kuhusu watu wenu watatu, sitawachagulia kutoka mbali, ila nitasema mahali pa kuchimba kwa kila mmoja.

Mama wa Nairobi amefanya kazi mahali penye wakala wa matangazo, idara ya utafiti na bajeti ya mamilioni. Yote hayo ni uzoefu wa thamani, lakini kwenu hatakuta hata kimoja. Muulizeni ni sehemu gani ya kampeni zake aliifanya kwa mikono yake, nani alikusanya takwimu, na angetumiaje wiki yake ya kwanza iwapo hana msaidizi. Muulizeni pia, kwa heshima, kwa nini anataka kuhamia kampuni ndogo. Sababu nzuri zipo: kuna watu wanaochoka kuwa sehemu ndogo ya jambo kubwa na wanatamani kuona matokeo ya uamuzi wao. Mkisikia sababu ya namna hiyo, iliyoungwa mkono na vitendo, msiiogope Nairobi.

Kwa kijana, hatari iko kwa jopo kuliko kwake. Wazee wanaweza kumdharau na vijana wakamtukuza, na pande zote mbili zikakosa kuuliza. Idadi ya wafuasi wa ukurasa wa Facebook haiwaambii lolote mpaka ifungamane na ununuzi. Mwambieni awafungulie ripoti za kampeni aliyoilipia, kwa ruhusa ya mwenye kampeni, na aeleze kila mteja mmoja mpya aligharimu shilingi ngapi na alijuaje kwamba mteja huyo alinunua. Vikundi vya WhatsApp vya wafugaji vipo na vina nguvu, na huko ndiko mfugaji huuliza kwa nini kuku wake wameacha kutaga. Kijana akionyesha kwamba amekaa humo akisikiliza kabla ya kuuza, ana jambo ambalo wenzake wawili huenda hawana. Anachoweza kukosa ni mazoea ya kuzungumza bei na kusimamia watu wazima wenye madeni.

Meneja wenu wa mauzo ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Anawajua wenye agroveti kwa majina, na uaminifu wake kwenu hauna shaka. Lakini kwa miaka yote hiyo mmempima kwa magunia yaliyotoka, na mtu hujifunza kile anachopimiwa. Akizoea kutatua kila tatizo kwa punguzo na mkopo, ataendelea kufanya hivyo akiwa na cheo kipya na bajeti kubwa. Katika jaribio mpeni, kama wengine, nafasi ya kushauri kampuni iache jambo fulani, na muone kama anaweza kuukosoa utaratibu alioujenga mwenyewe. Akiweza, mna mtu wa thamani kubwa, kwa kuwa atakuwa ameunganisha kulijua soko na uwezo wa kulitazama upya. Asipoweza, msimpe kazi hii kama zawadi ya utumishi mrefu. Zawadi ya utumishi ni mshahara, marupurupu na heshima. Cheo kisichomfaa kitamnyima vyote hivyo ndani ya mwaka mmoja. Na ikiwa hatachaguliwa, asisikie habari hiyo pamoja na wafanyakazi wengine. Mkurugenzi mmoja akutane naye faraghani kabla barua haijatoka, amweleze alama zake kwa uwazi, na amwonyeshe kazi yake itakavyokuwa na mipaka gani na meneja mpya. Akiondoka kwa uchungu, uhusiano wa miaka mingi na wenye agroveti huenda ukaondoka naye.

Sasa nije kwenye suala la nyumbani, ambalo uliliuliza kwa adabu. Katika jopo lenu mzee akisema kwanza, hakuna atakayempinga, na mtakuwa na alama tano zinazotokana na rai moja. Njia ninayoipendekeza haimshushi mzee hata kidogo, kwani ndiyo desturi ya mabaraza yetu: wadogo huanza, mkubwa hufunga. Kila mwanajopo aandike alama zake kwa kila swali mara mwombaji anapotoka, azitie sahihi na kumkabidhi katibu. Baada ya wote watatu, katibu asome alama zote, kisha mazungumzo yaanzie kwa mdogo na kumalizikia kwa mwenyekiti. Pale ambapo alama zimepishana sana, anayetoa alama ya juu na anayetoa ya chini waeleze walichosikia, kwa maneno ya mwombaji mwenyewe. Mzee akibaki na mtu wake baada ya hayo, atakuwa na sababu zinazoweza kujadiliwa. Ningeongeza mtu mmoja kutoka nje ya familia: mhasibu wenu wa nje, au mfugaji mkubwa wa Njoro au Kisumu mnayemwamini. Huyo wa mwisho atatambua maneno matupu kabla yenu.

Sheria nayo iwe mezani. Katiba ya 2010, Ibara ya 27, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, zinakataza ubaguzi, na kifungu hicho kinataja jinsia, lugha, dini, asili ya kikabila, ulemavu na ujauzito miongoni mwa mambo mengine; Katiba inataja pia umri na hali ya ndoa. Kwa hiyo mama huyo asiulizwe watoto wake watabaki na nani akisafiri Bungoma ikiwa wanaume hawaulizwi, na hata mkiwauliza wote, swali hilo halipimi lolote. Jambo jingine lisemwe wazi: "tunataka mtu wa huko" mara nyingi ni ukabila uliovikwa vazi la mkakati. Sheria inaruhusu kuzingatia sharti ambalo kazi yenyewe inalihitaji, lakini jiulizeni kwa uaminifu kama meneja anayeketi Nakuru anahitaji kusema Kibukusu, lahaja ya Kiluhya ya Bungoma, au kama anayehitaji ni mtu wa mauzo anayeingia dukani kila wiki. Wekeni karatasi za alama mahali salama, kwa kuwa siku moja mnaweza kuhitajika kueleza uamuzi wenu, na zingatieni kwamba taarifa za waombaji zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ushuhuda wa waliofanya kazi na mwombaji uje mwishoni, kwa aliyeongoza tu, na kwa idhini yake. Mwajiri wake wa sasa asipigiwe simu kabla hajakubali. Cheti cha utumishi kinachotolewa chini ya kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira huthibitisha tarehe na aina ya kazi, na mwajiri halazimiki kusema lolote juu ya tabia au ufanisi, hivyo msikisome zaidi ya kinavyosema. Zungumzeni na mtu aliyekuwa chini yake na mtu wa mauzo aliyekuwa kando yake, pamoja na mkubwa wake. Swali la "alikuwa mfanyakazi mzuri?" hujibiwa kwa ndiyo. Ulizeni alihitaji msaada wa aina gani ili afanikiwe, na ni uamuzi upi alioufanya ambao bado unafuatwa hata baada ya yeye kuondoka.

Mkishamchagua, mkataba uwe na muda wa majaribio. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu miezi isiyozidi sita, inayoweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine mfanyakazi akikubali. Msimpe lengo la magunia katika kipindi hicho. Kumbukeni zile wiki 18 hadi 20: mfugaji aliyeshawishiwa kuanza vifaranga na chakula chenu mwezi wa kwanza atakuwa anaanza kununua cha kutagia karibu mwezi wa tano, na meneja akishinikizwa kuonyesha mauzo kabla ya hapo, atayapata kwa njia rahisi ya kuwajazia agroveti magunia kwa mkopo. Mwekeeni malengo ya kujua na kuamua. Katika miezi miwili ya kwanza awe ametembelea agroveti na wauza vifaranga katika kila mji mnaouza, na alete hesabu ya magunia yaliyo dukani. Mwezi wa tatu alete mpango wenye mambo ya kuacha. Mwezi wa sita aonyeshe idadi ya wafugaji wapya walioanza na chakula cha vifaranga chenu, na wangapi kati yao wameendelea.

Inawezekana pia kwamba hakuna hata mmoja atakayefikia kiwango mlichoandika kwenye ule ukurasa. Ikiwa hivyo, msimchukue aliye afadhali kwa sababu tu mmechoka kuhoji. Waambieni wote watatu ukweli ndani ya wiki moja, tangazeni kazi upya kwa maelezo yaliyo wazi zaidi, na wakati mnasubiri mwombeni meneja wenu wa mauzo aanze kuhesabu magunia yaliyo kwenye maduka ya agroveti kila mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo mtaihitaji, awe nani atakayeajiriwa, na itaboresha bahasha ya jaribio mtakalowapa watakaokuja.